Wapelekeni Magofuni

Kisima kilicho nje ya Msikiti Mkuu wa Gede, mji wa kale wa pwani ya Kenya, kilichimbwa, kikatumika kwa muda mrefu, kisha wenyewe wakarudi wakakichimba tena kwenda chini zaidi. Mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza kuufukua mji ule mwaka 1948, alilichukulia jambo hilo kuwa dalili kwamba maji ya ardhini yalikuwa yameshuka. Gede haukuwa mji wa wanyonge. Ulikuwa na misikiti ya mawe, makaburi ya nguzo, nyumba zenye vyoo vya ndani na sahani za kauri zilizovuka bahari kutoka China. Kaburi moja limechongwa mwaka wa 802 wa Hijra, yaani 1399. Lakini baadaye, karne ya 17, watu walihama na msitu ukaingia majumbani. Sababu zinazotajwa ni kadhaa: mashambulizi, biashara kuhamia kwingine, na maji kupungua visimani.

Mwalimu unayesoma makala haya, hebu fikiri. Wanafunzi wako wamesimama ukingoni mwa kisima hicho. Wanaambiwa kwamba mtu wa umri wao aliwahi kuteremsha ndoo hapa ikarudi na tope. Utahitaji nini zaidi ili kuanza somo la mabadiliko ya tabianchi? Projekta ya nini? Watauliza wenyewe: maji yalikwenda wapi? Walifanya nini? Kwa nini hawakubaki? Na sisi je, kisima chetu kiko kina gani leo? Mwanafunzi akishafika kwenye swali hilo la mwisho, kazi yako ngumu imekwisha.

Ninachokiomba, na nitakiomba kwa sauti ya juu mpaka kisikike, ni hiki: somo la tabianchi lihamie kwenye makumbusho yetu, magofu yetu, nyumba zetu za nyaraka na misitu yetu ya kaya. Tumelifundisha vya kutosha kwa ubao na chaki. Mtoto wa Pangani anakariri maana ya gesi joto, anaijibu kwenye mtihani, anapata alama zake, kisha anarudi nyumbani kwa njia inayopita ufukwe ambao bibi yake anaukumbuka ukiwa mpana mara mbili, na haoni uhusiano wowote. Anadhani jambo hilo linatokea kwa watu wengine, mahali penye barafu. Wakati huohuo makumbusho yamebaki kuwa mahali pa safari ya mwisho wa mwaka: watoto wanashuka kwenye basi, wanapita mbele ya vioo, wanasikia majina ya masultani, wanapiga picha, wanakula, wanaondoka.

Tunakaa na walimu wawili wazuri, darasa na makumbusho, ambao hawajawahi kukutanishwa.

Twende Kilwa Kisiwani. Panda mashua pale Kilwa Masoko, vuka ule mkono mwembamba wa bahari, ushukie karibu na Gereza. Ngome hiyo ilijengwa na Waomani yapata mwaka 1800, juu ya mabaki ya ngome ya Wareno ya 1505. Upande unaotazama maji, sehemu ya ukuta haipo. Bahari iliichukua. Sasa mwambie mwanafunzi asogee kwenye ukuta uliobaki na aweke kidole juu ya jiwe. Ataona vishimo vidogo, vingine vina umbo la nyota, vimepangana mamia kwa mamia. Kila kimoja kiliwahi kuwa makazi ya mnyama mdogo wa baharini. Hilo ni tumbawe. Kati ya jiwe na jiwe kuna chokaa, na chokaa hiyo nayo ni matumbawe yaliyopangwa juu ya rundo la magogo, yakachomwa, yakaachwa kupoa, yakamwagiwa maji. Katika nyumba za kale za pwani dari ilishikiliwa na boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Boriti hizohizo zilipakiwa majahazini zikaenda kuezeka nyumba za Uarabuni na Ghuba, ambako miti mirefu ni adimu.

Somo zima limo humo ukutani. Anza na tumbawe. Ndani ya mwili wa yule mnyama mdogo huishi mwani unaomlisha. Bahari ikipata joto kupita kiasi, tumbawe huutema mwani huo, likabaki jeupe, na lisipopata nafuu mapema hufa. Mwaka 1998, El Niño ilipoipasha Bahari ya Hindi, matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yalipauka na kufa namna hiyo. Mwamba uliokufa humomonyoka, na wimbi ambalo zamani lilivunjikia mbali linafika ufukweni na nguvu zake zote. Tena tumbawe huweka kumbukumbu. Hujijenga tabaka juu ya tabaka, mwaka hadi mwaka, na wanasayansi waliotoboa tumbawe la Malindi waliweza kusoma humo mwenendo wa joto la bahari kwa karibu miaka 200. Mwanafunzi aliyegusa jiwe la Gereza hawezi tena kuambiwa kwamba tumbawe ni kitu cha watalii wa kuzamia.

Kisha nenda kwenye boriti. Mkoko uliokatwa na kuuzwa ndio uleule ambao mizizi yake ilishika tope la ufukwe. Mwaka 2004 UNESCO iliyaweka magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyokuwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kati ya sababu zake ilikuwa mmomonyoko: mawimbi yalikuwa yanakula ufukwe, na ukataji wa mikoko ulikuwa umeyafungulia njia. Kazi ikafanyika. Kuta zikakarabatiwa, kinga zikawekwa ufukweni, mikoko ikapandwa, wanakijiji wakashika nafasi yao katika uhifadhi. Mwaka 2014 magofu hayo yakatolewa kwenye orodha ya hatari.

Hapo pa 2014 nawaomba walimu mkae sana, msipite haraka. Watoto wetu wanasikia habari za tabianchi zikija na vitisho tu: mafuriko, ukame, miji itakayozama. Mtoto anayetishwa kila siku huishia kuziba masikio. Kilwa inampa kitu tofauti: orodha ya hatari ambayo watu wa kisiwa chenye nyumba za udongo na makuti walisaidia kulitoa jina lao humo. Mpeleke akauone mkoko uliopandwa, amwulize aliyeupanda aliupandaje, miche mingapi ilikufa, na kwa nini mingine ilishika. Majibu ya swali hilo la mwisho ni sayansi tupu: aina ya tope, kimo cha maji yanapojaa, nguvu ya wimbi.

Na asidhani ni Kilwa peke yake. Katika Ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa, wanavijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013. Mikoko huvuta hewa ukaa na kuifukia kwenye tope kwa wingi unaozidi mara kadhaa ule wa misitu mingi ya bara, eneo kwa eneo. Wanavijiji huuza thamani ya hewa hiyo iliyohifadhiwa, na mapato yanarudi kwenye maji na shule. Mkoko uliokuwa boriti, kisha ukawa kuni, leo unalipia madawati.

Sasa nizungumze na wahifadhi na watunza nyaraka, maana nao nina neno lao. Ndugu zangu, mmekalia hazina ambayo idara za hali ya hewa zinaihitaji na watoto wanaihitaji zaidi. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Kilizamisha meli bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Pemba ilinusurika, na tangu hapo Pemba ikaipita Unguja kwa karafuu. Wengi wetu tunajua kwamba Pemba ndiyo kisiwa cha karafuu. Wangapi tunajua kwamba upepo wa siku moja ulichangia? Miaka 80 baadaye, Aprili 1952, kimbunga kikaikumba Lindi. Mei 2024 kikaja Kimbunga Hidaya: kilitua Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara pale Somanga, Kilwa.

Wekeni hayo matatu kwenye meza moja: barua na taarifa za 1872, kumbukumbu za 1952, picha za 2024 ambazo wanafunzi wenyewe wanazo kwenye simu za wazazi wao. Waulizeni: pwani yetu iko karibu na ikweta, mahali ambapo vimbunga ni adimu, mbona hivi vilifika? Bahari yenye joto zaidi inakipa kimbunga nini? Nyumba zilizosimama zilijengwaje? Mtoto atasoma karatasi ya zamani kwa hamu ambayo hamjawahi kuiona, kwa sababu jibu lake linamhusu.

Kuna hazina nyingine ambayo haikai kwenye kabati. Kila mwaka, mwezi wa Julai, watu wa Makunduchi huadhimisha Mwaka Kogwa. Wageni huja kutazama wanaume wakipigana kwa migomba na kibanda kikichomwa moto. Lakini nyuma ya sherehe ile kuna kalenda ya jua iliyowaongoza mabaharia na wakulima wa pwani yote: kalenda ya Nairuzi, siku 365 zilizogawanywa miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za ziada. Mzee aliyejua miongo alijua lini kaskazi inatulia, lini kusi inaanza kuvuma, lini bahari inafungwa kwa majahazi, lini mpunga uingie shambani. Huo ulikuwa utabiri, umejengwa kwa kutazama mbingu na maji vizazi kwa vizazi, na kila aliyekuja akauhakiki kwa jasho lake.

Waleteni wazee hao makumbusho. Siyo kwa siku ya utamaduni tu, wakapewa kanga na soda na kupigwa picha. Waleteni kama walimu, walipwe kama walimu. Mvuvi mkongwe na kijana wa kidato cha tatu wakae kwenye meza moja na takwimu za mvua za kituo cha karibu. Mzee aseme vuli ilikuwa ikianza mwongo gani enzi za baba yake. Kijana atazame vipimo. Waone panapokubaliana na panapopishana. Wakikubaliana, wamepata ushahidi wa pande mbili. Wakipishana, wamepata swali la utafiti, na hilo ni bora zaidi.

Bara nako hakujakosa kitu. Pale Dar es Salaam, Kijiji cha Makumbusho kimesimamisha nyumba za jadi za makabila mbalimbali tangu miaka ya 1960. Tembe la Wagogo lina paa bapa la udongo, kwa sababu Dodoma mvua ni haba. Msonge wa Wahaya umeezekwa nyasi nzito kutoka kileleni hadi chini, kwa sababu Bukoba mvua haina mchezo. Mwulize mwanafunzi mvua ya Dodoma ikianza kunyesha kwa vishindo, mvua ya wiki nzima kwa siku moja, lile paa litafanyaje. Na zile bati tulizoziezeka kila mahali, mchana wa joto kali, zinafanyaje? Nenda Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miamba iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kwenye mapango yale watu wamefanya matambiko ya kuomba mvua. Kwa karne nyingi jamii ile imekuwa ikihangaikia jambo lilelile linalozungumzwa leo kwenye mikutano ya kimataifa.

Lakini tufundishe kwa ukweli. Uongo wenye nia njema utatuumbua. Si kila ukuta ulioanguka umeangushwa na tabianchi. Sehemu ya Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jumba la Sultan Barghash la 1883, ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu, jengo hilo lilikuwa limechoka kwa muda mrefu. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta waliishi kwenye nyumba za mawe, walijua wanachokisema. Hata kisima cha Gede hakikukaushwa na moshi wa magari. Na kuna Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani. Kilikuwa na miti, na kasa walikitegemea sana kwa kutaga. Leo hakina mti hata mmoja. Maji yakijaa kinafunikwa, na mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa ufukwe wa Ushongo yasije yakazama. Bahari, mawimbi, miti iliyotoweka: mwanafunzi ajifunze kuzitenganisha sababu na kuzipima, ajue ipi ni ya mkono wetu na ipi imetoka mbali.

Na iliyotoka mbali aijue kwa jina na kwa kipimo. Kati ya 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20, na kasi inaongezeka. Chanzo kikubwa ni makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochomwa kwa wingi kwenye nchi zilizotajirika kwa viwanda. Bara letu lote huchangia sehemu ndogo sana ya hewa hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulitazama maeneo 284 ya urithi yaliyo pwani za Afrika, ukakuta 56 tayari yako kwenye hatari ya mafuriko makubwa ya bahari, na kwamba kufikia 2050 yanaweza kuzidi 190. Kijana akisimama juu ya jabali la Husuni Kubwa, kulekule Kilwa Kisiwani, jumba la vyumba zaidi ya mia lenye birika la pembe nane lililojengwa na Sultan al-Hasan ibn Sulaiman katika karne ya 14, na chini yake bahari inatafuna mwamba, ana haki ya kuuliza nani atalipa. Msimnyamazishe. Swali hilo litamfanya awe mwanasheria, mhandisi au mjumbe ambaye siku moja atakaa kwenye meza ya mazungumzo akijua anazungumzia ukuta gani.

Najua vikwazo, na sivipuuzi. Nauli ya basi ni mzigo. Muhtasari wa masomo umejaa. Mkuu wa shule anataka alama za mtihani, mzazi anataka vilevile. Lakini kipimo cha bahari ni hisabati. Tumbawe ni baiolojia. Chokaa ni kemia. Kimbunga cha 1872 ni historia, na Hidaya ni jiografia. Taarifa ambayo mwanafunzi ataiandika baada ya ziara ni Kiswahili. Siku moja magofuni inagusa masomo sita, na anayesema inapoteza muda hajawahi kuhesabu muda unaopotea kwa kukariri kitu kisichoeleweka. Nchi zetu zimeridhia Mkataba wa Paris wa 2015, na Ibara yake ya 12 inazungumzia elimu na uelewa wa umma. Mwombe afisa elimu wako ruhusa ukiitaja ibara hiyo kwa namba.

Na kama Kilwa ni mbali, usiende Kilwa. Kuna kisima cha zamani kijijini kwenu. Kuna msikiti au kanisa lenye alama ya mafuriko ukutani. Kuna mti wa tambiko ambao haukatwi. Wamijikenda wamelinda kaya zao kwa miiko iliyokataza kukata hata kijiti, na leo misitu ile, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2008, imesimama wakati mingi ya jirani imekwisha. Mzee wa kaya akikubali kuwapokea wanafunzi, vueni viatu pale anaposema vueni, nyamazeni anaposema nyamazeni, na mwacheni aeleze kwa nini. Ni mtaalamu wa uhifadhi aliyefuzu kabla ya sisi kuwa na vyuo.

Wahifadhi nao wasingoje fedha za ukarabati mkubwa. Badilisheni maneno ya mwongozaji wenu wiki hii: baada ya jina la sultani, ataje jiwe limetoka wapi na bahari iko hatua ngapi kutoka ukutani. Tundikeni picha ya zamani ya ufukwe kando ya picha ya leo, iliyopigwa kutoka palepale. Fungueni mlango kwa shule za serikali za jirani siku moja ya juma ambayo watalii ni wachache.

Na walimu wa pwani, kazi ya kwanza haigharimu kitu. Bamvua huja mara mbili kila mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, kwa hiyo hakuna atakayesema amekosa tarehe. Chagueni ukuta mmoja wa kale ulio karibu na maji. Ombeni idhini kwa mhifadhi. Maji yakifika juu kabisa, pimeni kwa futi kamba kutoka ukutani hadi ukingo wa maji, pigeni picha, andikeni tarehe, saa na kipimo, na majina ya wanafunzi waliopima. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine apewe mhifadhi aiweke pamoja na kumbukumbu za jengo. Bamvua linalofuata, rudini na darasa lilelile. Mwaka ujao, hao waliopima wawafundishe wanaoingia.